Kila Awamu Ina Watu Ndani Yake

Ngoie, mwanangu,

Habari za chandarua, dawa za malaria na bei ya samaki huko ziwani Kilwa, mbali na hapa Lubumbashi, sitaziandika. Dada yako amekuimbia hayo tangu juzi, na wewe si mtoto wa kufungiwa valizi ya safari. Naandika kwa sababu leo asubuhi nilikupigia kelele uani, mbele ya wapangaji, nikasema, "Basi, usiende!" nawe ukachukua ordinatere yako, ile kompyuta ya kukunja, ukaingia chumbani, ukafunga mlango. Sasa jua limetua, mlango bado umefungwa, na lori la simenti litapita kukuchukua alfajiri. Mdomo wangu ukinipotosha, kalamu huwa inanirudisha njiani. Unanijua: kila jioni naandika tarehe, naandika yaliyopita, nafunga daftari. Leo nimeliacha daftari kabatini nikachukua karatasi, maana haya hayafai kubaki kwangu.

Kwanza niseme wazi ninachogombania, usije ukadhani ni woga wa mama anayeachwa. Unakwenda kusimamia ukarabati wa maternite. Wanawake wataendelea kuzaa humo siku zote za kazi, kwa kuwa hawana pengine karibu pa kwenda. Jana ulinionyesha plani, ukiwa na furaha, na furaha yako ilikuwa halali. Unachora vizuri kuliko nilivyowahi kuchora mimi. Lakini nilipokuomba unionyeshe awamu za kazi, ulikuwa nazo mbili tu: jengo lilivyo leo, na jengo litakavyokuwa. Katika ya kwanza chumba cha kuzalishia kipo, upande wa ziwa. Katika ya pili kipo pia, kipya, upande wa barabara. Na kazi ya kwanza kabisa ya mafundi ni kukibomoa kile cha upande wa ziwa.

Nilikuuliza, "Na mu katikati, ba mama bazalie wapi?"

"Mama, ile batajipanga kule kule. Patron alishasaini plani. Miye niko stajieri tu, bado najifunza, naenda kufatilia mafundi ku shantie."

"Na kama habakujipanga?"

"Weye, mama! Unapenda fazi sawa vile bantu bengine banapenda bukari."

Nilicheka, maana ni kweli, awamu nazipenda kama ugali. Kisha nikalala nalo, na asubuhi halikuwa tena la kuchekesha. Ndipo nikapiga kelele badala ya kukueleza. Nakueleza sasa.

Umewahi kuniuliza kwa nini niliacha biro ile ya kwanza, ofisi ya wachoraji iliyokuwa na vioo vya bluu barabarani. Nilikujibu kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini sikuondoka kwa sababu hiyo.

Shuleni, sisi wa ufundi wa ujenzi tulichora kwa wino juu ya kalki, ile karatasi inayopenya mwanga. Ukikosea, unachukua wembe, unaukwangua wino polepole bila kutoboa karatasi. Mwalimu wetu alikuwa akiinua kalki dirishani kutafuta makovu. Aliyekuwa na makovu machache alipata alama nyingi. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi wa wembe, na niliingia maishani nikiamini kwamba plani nzuri ni plani safi. Ordinatere zilipokuja, niliona zimeniletea wembe usioacha kovu. Unagusa ukuta, unabonyeza, umekwenda. Mafundi wakanibandika jina la Mama Kalki, nikalipenda.

Biro yetu ilipata kazi ya nyumba ya Tatu Mukendi; tatu kwao ni baba. Alikuwa mzee wa Kasai, muuzaji wa vipuri vya magari, aliyenunua nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, ile ya matofali mekundu yenye sebule mbele na vyumba viwili nyuma. Aliishi humo na mamu yake mzazi, mke, watoto, na wapangaji uani. Alitaka upande wa nyuma ubomolewe, ujengwe upya, mkubwa zaidi, huku wao wakiendelea kukaa. Unajua watu wetu. Hakuna anayehama kwa sababu ya fundi. Unajenga ukiishi ndani, unapika katikati ya mchanga, unalala karibu na mifuko ya simenti usije ukaibiwa.

Wakati huo ndipo nilipojifunza ile programu unayoitumia wewe. Nilishangaa kwamba kila ukuta ndani yake una siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Unaugusa, unakuambia: nimejengwa katika awamu hii, nimebomolewa katika awamu ile. Ukiuambia ufe, haupotei. Unabaki katika plani ya wakati wake, na katika plani ya kubomoa unaonekana kwa mistari ya vipande vipande, ili fundi ajue kwamba upo na kwamba zamu yake imefika. Nilielewa hivyo kwa kichwa. Mkono haukuelewa. Kati ya sebule na vyumba vya nyuma palikuwa na ukuta uliokuwa uondoke. Badala ya kuuwekea alama ya kubomolewa, niliufuta. Plani ikawa safi, nikaiangalia kwa kiburi kama kalki dirishani.

Kufuta, mwanangu, ni kusema kitu hakikuwahi kuwepo. Kubomoa ni kukiri kwamba kilikuwepo, na mtu lazima akishughulikie. Kwa kuwa nilifuta, hakuna plani iliyoonyesha ukuta ule. Na kwa kuwa haukuonyeshwa, hakuna aliyejiuliza umebeba nini.

Mafundi walipofika hapo, mkubwa wao, aliyeitwa kwa heshima Ya Kalenga, yaani kaka Kalenga, alinipigia simu.

"Mama Kalki, kuko ukuta hapa, haiko mu plani."

"Haiwezekani, Ya Kalenga."

"Basi kuya uigonge na kichwa, utaona kama inawezekana."

Nilikwenda. Ulikuwepo, mnene, na mbao za paa la sebule zilikuwa zimelala juu yake. Tulikuwa hatuna nguzo za kushikilia, kwa sababu nguzo za muda nazo huchorwa, na mimi sikuzichora. Vyumba vya nyuma vilikwisha kubomolewa. Mvua zilikuwa zimeanza. Ya Kalenga hakutaka kuua mtu, akashusha malata yote, mabati ya paa la sebule, akayapanga uani. Nyumba ambayo ilipaswa kubaki na nusu ikabaki bila kitu. Familia ikajibana kwenye chumba kimoja cha wapangaji.

Kosa la ukuta lilikuwa la mkono. Kulikuwa na jingine. Kabla ya kazi kuanza, nilikuwa nimeiangalia ile programu ikiruka kutoka nyumba ya zamani hadi nyumba mpya, kama mtu anayefumba macho hapa na kuyafumbua ng'ambo, nikaenda kwa patron, mkuu wa biro yetu.

"Patron, mu katikati, balale wapi?"

"Balale ku bandugu. Weye chora."

Nikachora. Yeye alikuwa na diploma ya chuo kikuu na mimi nilikuwa na ya sekondari. Nilijiambia nimeuliza, nimefanya yangu. Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria jambo hilo: mtu anayeuliza mara moja, akajibiwa ovyo, akanyamaza, hakuuliza. Amejitafutia tu shahidi wa kumtetea baadaye.

Wiki ile ile malata yaliposhushwa, mamu wa Tatu Mukendi akafa.

Huhitaji nikueleze kilio ni nini. Mzazi akifa, analiliwa nyumbani kwa mtoto wake wa kwanza. Wanawake wanalala chini sebuleni, mikeka imebanana, wanaume wanakaa uani na moto, watu wanatoka mbali na hawaulizi anwani, wanafuata sauti. Tatu Mukendi ndiye alikuwa wa kwanza. Hakuwa na sebule. Choo kilikuwa shimo lililozungushiwa turubai. Jirani mwenye baa alimhurumia, akazima muziki, akampa ukumbi wake. Nilipofika na kitenge changu cha msiba, vijana walikuwa wanageuza mabango ya bia yatazame ukuta, ili marehemu asililiwe chini ya picha za watu wanaocheka na chupa mkononi.

Dada wa Tatu Mukendi alishuka kwenye gari kutoka Kasai, vumbi mpaka kwenye kope, akauliza, "Nyumba ya kaka iko wapi?" Tatu Mukendi alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye lile rundo la malata.

Nilikwenda kumpa pole. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Mama, weye njo ulichora?"

"Njo miye, tatu."

"Ulichora nyumba yangu ya zamani. Ulichora nyumba yangu ya mupya. Sasa leo niko mu ile gani?"

Hakusema kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Mke wake akaja, akamwondoa mkono wake taratibu kwenye wangu, akasema, "Tatu, muache. Bantu banakungoja." Katika daftari langu siku ile niliandika tarehe, nikaandika kwamba mvua ilinyesha, nikashindwa kuendelea.

Asubuhi iliyofuata nilifika biro kabla ya wote. Nilifungua kazi ya Tatu Mukendi, nikaongeza awamu ya katikati. Ukuta nikaurudisha, nikauwekea siku yake ya kufa. Nikachora nguzo za mbao chini ya paa la sebule, zizaliwe na kubomolewa katika awamu hiyo hiyo, kwa sababu vitu vya muda navyo vina maisha yao. Nikachora choo uani, na ukuta wa mbao wa kutenganisha sebule na vumbi. Nyumba ikaonekana, ndogo, ya kubanana, lakini nyumba, yenye mlango na mahali pa kutandika mkeka. Haikunichukua muda mrefu kuliko kupika bukari na mboga zake. Nililia kwa sababu hiyo. Kama ingekuwa ngumu ningejisamehe mapema.

Patron alipoingia nilimwonyesha. Akasema, "Ya nini sasa? Hatukulipwa kuchora katikati." Nilichukua mkoba wangu, sikurudi tena. Hiyo ndiyo sababu niliyokuficha.

Tangu hapo sikuchora ukarabati wowote kabla ya kukaa siku nzima katika nyumba yenyewe. Mafundi walinicheka. Nilikaa jikoni, nikaangalia nani anaamka wa kwanza, mgonjwa analala wapi, mzee anapita wapi usiku kwenda chooni. Niliuliza swali ambalo watu wengine waliona ni uchuro: kukitokea msiba humu ndani leo, wageni mtawaweka wapi? Mama mmoja wa Kipushi alinifukuza kwa swali hilo. Alinirudisha kesho yake, akasema amelala akilihesabu, na kweli hakuwa na mahali. Tukaanza kazi yake kwa kujenga baraza, ingawa yeye alitaka kuanza na jiko.

Babu yako, ambaye hukumkuta, alifanya kazi ya reli. Walikuwa wakibadilisha mataruma yaliyooza huku gari-moshi likiendelea kupita. Alikuwa akituambia mezani kwamba reli haifungwi. Unatoa taruma moja, unaweka moja, unakaza, unasogea kando, treni inapita, unarudi. Nilipokuwa mtoto niliona ni hadithi ya kuchosha. Sasa naona kwamba baba yangu aliijua awamu ya katikati bila ordinatere yoyote. Kila mara waliposogea kando, njia ilikuwa njia kamili.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia asubuhi badala ya kelele. Awamu siyo rangi ya mistari, wala siyo hatua ya kufikia jengo. Kila awamu ina watu ndani yake, na kwao hiyo ndiyo nyumba, ndiyo maternite, hawana nyingine. Wewe utaiona kama wiki chache. Mwanamke atakayefikishwa katika wiki hizo ataiona kama siku aliyozaa. Na usiamini kwamba ni wiki chache. Barabara ya Kasomeno, ya kwenda Kilwa, unaisikia tu. Mvua ikiikata, malata yako yatakaa njiani, simenti italowa, na ile katikati ambayo hukuichora itakuwa ndefu kuliko zote mbili ulizochora.

Najua unachoogopa. Ni kazi yako ya kwanza. Patron wako amesaini, na stajieri anayemrudishia patron plani iliyosainiwa anaweza kukuta mtu mwingine amekaa kwenye lori lile. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Inawezekana kabisa. Mimi nilinyamaza ili nibaki na kiti, na kiti nikakiacha mwenyewe baada ya muda mfupi, nikiwa nimebeba kitu kizito kuliko njaa.

Jambo la mwisho. Ulipotoka mara moja mchana kwenda kuoga, uliacha mlango wazi, na ordinatere yako ilikuwa wazi juu ya kitanda. Nilisimama mlangoni. Ningeweza kuiongeza awamu ile mwenyewe, usingejua mpaka ufike Kilwa. Vidole viliniwasha. Nikarudi jikoni. Awamu niliyoichora mimi ungeitetea vipi mbele ya mafundi watakapokuambia inawachelewesha? Ungesema, mama alitaka? Wangekuchezea kama mpira.

Niliacha kuandika kwa muda, maana mlango wako ulifunguka. Ulitoka na simu, hukuniangalia, ukakaa uani karibu na mbabula, lile jiko la makaa. Nikakusikia, na sauti ya mama mzalishaji, mkunga wa maternite ya Kilwa, ikitoka kwa nguvu.

"Allô, mama? Ni Ngoie, wa shantie."

"Eh, mutoto! Unafika kesho?"

"Mama, tukibomoa chumba ya kuzalishia kwanza, mutazalisha wapi?"

Kicheko kirefu kikatoka kwenye simu.

"Nilikuwa nangoja muntu aniulize! Nilifikiri benyewe ba Lubumbashi muko na siri yenu."

"Haina siri, mama. Tulisahabu."

"Mutoto hangojake malata, unajua? Anakuya siku yake."

"Stoo itafaa?"

"Stoo haina maji, weye! Chukua chumba ya chanjo. Kwiko maji, na mulango yake inaangalia barabara. Usiku hatutapitisha mama mu matope na utungu yake. Chanjo tutafanya inje, chini ya turubai, haina neno."

Uliandika haraka mgongoni mwa bahasha. Mimi sikuwa nimefikiria matope. Sikuwa nimefikiria mlango. Ningekuchorea stoo, Ngoie, kwa uhakika wote, na ningekosea tena.

Kisha ukampigia patron wako, na safari hii nilisikia upande mmoja tu.

"Bonsoir, patron. Samahani, najua munakula... Plani ya Kilwa. Iko inakosa fazi moja... Ndiyo, mulisaini... Hapana, patron, habatajipanga, nimetoka kubauliza... Patron, sitapanda lori na ile plani."

Ulisikiliza. Makaa yalipasuka kwenye mbabula. Nilishika meza.

"Nimesikia," ukasema. "Kama kazi inachelewa, ni miye nitajibu."

Ulipoingia ndani uliniambia alivyosema: plani yenye awamu ya tatu imfikie kabla ya lori kupita. Isipofika, au akiona haifai, lori litaondoka na mtu mwingine. Ukavuta kiti, ukasukuma sahani pembeni, ukafungua ordinatere juu ya meza hii hii ninayoandikia. Sijui kesho utakuwa barabara ya Kasomeno au utakuwa hapa unaosha vyombo nami. Najua tu kwamba neno lile, nitajibu, mimi sikumwambia patron wangu, na leo nimelisikia kwa sauti ya mtoto niliyemzaa.

Umeniita, "Mama, kuya uangalie." Naiweka kalamu. Nakuja kusimama nyuma yako, na mikono yangu nitaifunga mgongoni.

Mama yako